Sahani Isiyo na Alama

Nakumbuka asubuhi niliyokaa uani na kopo la mafuta ya taa, nikisugua vitako vya sahani za mfalme. Nasema za mfalme kwa kuwa ndivyo mtaa mzima ulivyoziita, ila usiniulize mfalme gani. Jana, mwanangu, ulipoleta simu yako ukanionyesha picha ya sahani inayofanana na hii hapa, ukanisomea kwamba ni ya seti ya chakula iliyotengenezwa kwa ajili ya mfalme fulani wa Ulaya, na kwamba kuna mtu mjini yuko tayari kuinunua, nilinyamaza. Ukadhani nimeduwaa kwa furaha. Nilikuwa nahesabu, maana huyo wako ni mfalme wa nne.

Halafu ukasema, "Mama, tuisugue vizuri huku nyuma, tuipige picha." Hapo ndipo niliponyanyuka nikaenda chumbani, wewe ukabaki unajiuliza nimekasirika nini. Sikukasirika. Kaa hapa, na hiyo simu iweke chini kidogo.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nililelewa na dada yake mama yangu, Mama Mkubwa, katika nyumba iliyokuwa hapahapa Kariakoo, mahali liliposimama ghorofa hili. Ilikuwa nyumba ya chini, vyumba sita, na uani kulikuwa na bomba na mpapai ambao haukuwahi kuzaa papai tamu hata moja. Ukuta kwa ukuta na sisi alikaa Bi Salma, mama wa Kiarabu, mumewe akiuza kahawa na viungo mtaa wa nyuma. Yeye na Mama Mkubwa walikuwa marafiki tangu wasichana. Walitaniana kutwa, na kama siku mbili zingepita hawajataniana, watu wangeanza kuuliza nani anaumwa.

Sahani zenyewe zilikuwa za kauri nyeupe, pana, ukingo wake una mstari wa dhahabu na vikonyo vya karafuu vilivyochorwa kwa buluu, na katikati kuna taji. Mama Mkubwa alikuwa nazo kumi na mbili. Bi Salma alikuwa nazo kumi na mbili. Zilifanana, na kwa nini zifanane katika nyumba mbili za Kariakoo, hilo kila mtu alilijua, lakini kila mtu alijua lake.

Mama Mkubwa alisema babu yake alikuwa kuli bandarini. Siku moja likashushwa kasha kutoka Ulaya, limeandikwa kwamba ni la sultani wa Unguja, lisubiri chombo cha kulivusha. Kasha likaponyoka, zikavunjika sahani mbili tatu. Basi mkubwa wa mizigo akasema seti pungufu haiwekwi mezani kwa mfalme, zilizobaki wakagawana makuli. Bi Salma naye aliapa kwamba hayo ni maneno ya kujifurahisha. Kwa habari yake, bibi yake alikuwa mshonaji katika jumba la sultani mwingine kabisa, wa zamani zaidi, na alipokuja bara kuolewa akatunukiwa sahani hizo kwa sababu mke wa sultani hakulipenda lile taji, lilimkalia Kizungu mno. Halafu alikuwepo Mzee Ramji, Mhindi aliyekuwa na duka la vyombo karibu na sokoni. Nilipomuuliza aliitazama sahani juu juu akasema baba yake aliuza nyingi tu za namna hiyo, zililetwa wakati mfalme mmoja wa Ulaya anatawazwa. "Wafalme walikuwa wengi siku zile, binti," aliniambia, "na wote walikuwa wanakula."

Mimi niliziamini hadithi zote tatu kwa zamu, kutegemea siku hiyo nimekula kwa nani. Nilipokua zikaanza kunikera. Nilitaka moja iwe ya kweli, na nikuambie bila kuficha, nilitaka iwe ya Mama Mkubwa. Nilitaka kumwona Bi Salma ameshindwa mara moja tu.

Sasa kuna jambo ambalo nyie mnaokodi vyombo kwenye kampuni za harusi hamlijui. Zamani ukiwa na shughuli, vyombo vilitoka kwa majirani. Sahani hamsini za huyu, masinia ya yule, sufuria za mwingine. Ili zisipotee, kila nyumba ilipaka alama yake chini ya chombo kwa rangi ya mafuta. Sisi alama yetu ilikuwa mistari miwili myekundu. Ya Bi Salma ilikuwa nukta ya kijani. Shughuli ikiisha, wanawake waliosha vyombo wakavifudikiza mkekani, mmoja akawa anaita, "Mistari miwili! Nukta ya kijani!" na kila mtu akabeba vyake. Nyumba yenye shughuli ndiyo iliyobeba dhamana ya chombo cha watu kikivunjika.

Alipoolewa binamu yangu, mtoto wa Mama Mkubwa, sahani za mfalme zote ishirini na nne zilikuwa uani kwetu, zimewekewa wageni wa heshima. Mmoja wao alikuwa bwana wa upande wa mwanamume, mtu wa miwani, ana duka la vitu vya kale mjini. Alipomaliza pilau aliigeuza sahani akatazama kitako chake, mchuzi ukimtiririkia kwenye mkono wa shati. Nilikuwa namkaribisha maji ya kunawa.

"Hii rangi imefunika historia," aliniambia. "Ingekuwa imetoka, tungejua ni ya nani."

Maneno hayo yaliniingia kichwani yakakataa kutoka. Kesho yake asubuhi Mama Mkubwa na wenzake walitoka mapema kwenda kumwona bibi harusi. Vyombo vyote vilikuwa vimeshaoshwa, vimefudikizwa mkekani, vinangoja wenyewe. Nikachukua mafuta ya taa, kitambaa, na nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Nikahesabu sahani za mfalme nikapata ishirini na tatu, nikajua moja imevunjika kwenye kuosha. Hata sikujiuliza ilikuwa ya nani.

Nilianza na zetu. Mistari myekundu ilipoanza kulainika, chini yake nikaona kijani. Nikasugua zaidi, chini ya kijani ikatokea nyekundu tena. Nikashangaa. Nikachukua ya Bi Salma, chini ya nukta ya kijani nikakuta mistari miwili myekundu, imefifia lakini ndiyo hiyo hiyo. Zilikuwa hivyo karibu nusu. Nyingine zilikuwa na rangi tatu, moja juu ya nyingine. Na kulikuwa na moja ambayo nukta yake ya kijani ilikuwa bado mbichi, ikanishika kidoleni kabla hata sijaipaka mafuta ya taa.

Ningekuwa na akili ningesimama hapo nikauliza. Lakini nilikuwa natafuta mfalme, mwanangu, na rangi ilikuwa inanizuia. Nikasugua zote, zetu na za Bi Salma, mpaka kauri ikang'aa. Nikakuta nini? Nyingine zina taji dogo la buluu na maandishi nisiyoweza kuyasoma. Nyingine zina nanga. Tano hazikuwa na kitu kabisa. Nikakaa nazitazama kichwa kinaniuma, sijui kama nimeijua historia au nimeipoteza.

Yule bwana wa miwani alikuja asubuhi hiyo, kama alivyoniahidi alipoaga harusini. Alichuchumaa mkekani, akachukua moja akachukua nyingine. "Hizi hazikutoka kiwanda kimoja," akasema, na mimi nikazidi kuchanganyikiwa. Alikuwa bado ameshika sahani mkononi Bi Salma alipoingia kwa mlango wa uani kuchukua vyombo vyake.

Alimtazama yule mgeni. Akazitazama sahani zilivyolala, ishirini na tatu, nyeupe tupu. Ilikuwa juu yangu kumwamkia na sikumwamkia.

"Mwanangu," alisema, "alama zangu ziko wapi?"

"Labda zimetoka kwa maji ya moto, Bi Salma."

"Rangi ya mafuta haitoki kwa maji ya moto."

Aliondoka mikono mitupu, hata masinia yake aliyaacha. Na ili uelewe, mtaani kwetu mtu aliyefuta alama kwenye chombo cha mwenzie alikuwa na jina moja tu, na jina hilo ni mwizi. Na mwizi mwenyewe alikuwa ameshikwa, mnunuzi yuko pembeni yake. Yule bwana alisoma hali, akaaga harakaharaka, na sikumwona tena.

Mama Mkubwa aliporudi alizikuta sahani nimezipanga kabatini. Akauliza mbona Bi Salma hajachukua zake. Nikasema hakupita. Uongo wa pili huo, na ulitoka kirahisi kuliko wa kwanza. Alichukua sahani moja, akaigeuza, akaikaribia usoni kwa muda, akairudisha. Nilijipongeza moyoni kwamba nimepona.

Siku iliyofuata Mama Mkubwa alipika visheti, akavipanga kwenye moja ya sahani hizo akanituma kwa jirani. Nilibisha hodi, sahani ikapokelewa na mtoto wake wa kike, mlango ukafungwa. Kwa kawaida, ukipeleka chombo na chakula, chombo hakirudi vivi hivi. Kitarudi na ndizi mbili, au kipande cha mkate wa kumimina, au chumvi kama nyumba haina kitu. Jioni ile ile sahani yetu ilirudi. Ilikuwa imeoshwa, imekaushwa, na haina kitu ndani yake.

Mama Mkubwa aliipokea mlangoni akasimama nayo. Hakulia kwa sauti. Alikaa kwenye kigoda, sahani mapajani, machozi yakamtoka, na mimi ambaye sikuwahi kumwona akilia hata alipofiwa na mumewe, niliona aibu. Miaka arobaini ya watu wawili, na nilikuwa nimeimaliza kwa kopo la mafuta ya taa kwa sababu ya mfalme nisiyemjua hata jina.

Nikamweleza yote. Bwana wa miwani, nyuzi za chuma, uongo wa kwanza na wa pili.

"Nilisikia harufu ya mafuta ya taa jana ile ile," alisema. "Nimekaa nangoja uniambie."

"Naomba unisamehe, Mama Mkubwa."

"Mimi sina la kukusamehe, zangu hazikupotea. Nenda kwa uliyemfanya kipofu kwa maji yako ya moto."

Nilikwenda kesho yake, baada ya sala ya alasiri. Bi Salma alikuwa barazani kwake anachagua mchele, ungo mapajani. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Nikasimama mbele yake, nikaanza kusema. Aliendelea kuchagua mchele. Nilipomaliza nikaona haelekei kuniamini, basi nikawa najaza maneno ovyo, nikamwambia kwamba hata sikupata kitu, kwamba chini ya rangi kulikuwa na rangi nyingine, chini ya nyekundu kijani, chini ya kijani nyekundu, na moja ilikuwa mbichi ikanichafua kidole.

Mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Rudia hapo," alisema. "Nyekundu ilikuwa chini ya kijani?"

"Ndiyo, Bi Salma. Nyingi tu. Na kijani chini ya nyekundu vilevile."

"Na iliyokuwa mbichi, ilikuwa rangi gani?"

"Kijani. Yako."

Aliweka ungo chini. Nikadhani sasa nachapwa. Aliziba mdomo kwa ncha ya mtandio na mabega yakawa yanamtikisika, na kwa dakika nzima sikujua kama anacheka au analia. Nadhani yalikuwa yote mawili.

Alinieleza kwa vipande. Kwamba kila alipokuwa na shughuli, ikavunjika sahani ya Mama Mkubwa, aliona haya kumwambia. Alichukua moja yake, akafuta juu juu, akaipaka mistari miwili myekundu, akaipeleka pamoja na nyingine, mambo yakaisha. Amefanya hivyo tangu watoto wao wakiwa wadogo. Na miaka yote alikuwa akijisemea kwamba rafiki yake ana bahati, maana kwenye shughuli zake yeye hakivunjiki kitu cha watu.

"Sasa unaniambia kwamba na yeye ana kopo la rangi ya kijani nyumbani," alisema.

Nikakumbuka ile nukta mbichi. Mama Mkubwa alikuwa ameamka alfajiri, kabla ya kwenda kwa bibi harusi, akatoa sahani yake moja akaipaka alama ya jirani, kuziba ile iliyovunjika. Na mimi saa moja baadaye nikaifuta. Hapo ndipo nilipoelewa nilichosugua. Kila harusi, kila arobaini, kila maulidi ya nyumba zile mbili ilikuwa imeandikwa chini ya sahani zile kwa rangi, na mimi nilikuwa na mafuta ya taa natafuta taji.

Bi Salma alijitanda mtandio akaja nami. Aliingia kwa mlango wa uani bila hodi, kama zamani, akamkuta Mama Mkubwa anakuna nazi.

"Kwa hiyo na wewe," Bi Salma akasema.

Mama Mkubwa akanitazama, akamtazama mwenzie. Akashusha pumzi. "Kumbe na wewe," akasema.

Walinituma nikatoe sahani zote na makopo ya rangi. Tukakaa mkekani tukazigawa upya, moja kwako moja kwangu. Hakuna aliyejua ipi ilikuwa ya nani, na hawakuonekana kujali. Mimi ndiye niliyepaka, mistari na nukta, huku wakinicheka mistari inavyopinda. Zikafika kumi na moja, kumi na moja, ikabaki ya ishirini na tatu.

"Ni yako," akasema Mama Mkubwa. "Iliyovunjika ilikuwa yako, niliiona nukta kwenye kigae."

"Imevunjika harusini kwa mwanangu," Bi Salma akajibu, "nani kakuambia nahesabu? Ichukue wewe."

Wakavutana hapo mpaka nazi ikaanza kuchacha. Mwisho Mama Mkubwa aliitwaa, akaipakia kashata alizokuwa nazo, akamkabidhi Bi Salma. "Basi isipakwe," akasema. "Iwe inakwenda na kurudi. Si seti ilikuwa pungufu tangu bandarini?"

"Jumbani," Bi Salma akamsahihisha, na wakaanza upya kubishana juu ya sultani.

Hiyo ndiyo sahani uliyotaka kuisugua jana. Nyuma haina alama kwa sababu mbili: kiwanda hakikuandika kitu, na wao walikubaliana isiandikwe. Zile nyingine zimekwisha moja moja kwenye mikono ya watu, kama vyombo vinavyokwisha. Nyumba zikauzwa, yakapanda maghorofa, Mama Mkubwa akatangulia, Bi Salma akamfuata kabla mwaka haujaisha. Mjukuu wa Bi Salma, Salha, yuko Magomeni, unamjua, yule anayekuita wifi. Ijumaa iliyopita aliniletea sahani hii na kaimati. Umezila, ukaikuta sahani tupu mezani, ukadhani ni yangu.

Mpaka leo sijui ni mfalme yupi. Hapo chini ya ghorofa letu wanashusha makontena ya vyombo kila wiki, na nimeona hata humo sahani zenye mataji. Labda Mzee Ramji alisema kweli. Labda huyo wa simu yako ndiye. Nikiwaza sana nachanganyikiwa, naacha, naenda kupika.

Ila hili nalijua, nawe ulishike. Ukikuta kitu cha watu kina rangi juu ya rangi, usikimbilie kukisafisha. Uliza kwanza aliyepaka, kama yu hai, na muulize akiwa na nafasi ya kujibu. Ukiwa umekwisha kosea, sema siku hiyo hiyo, usingoje sahani irudi tupu. Na jirani yako akivunjiwa kitu kwako, mlipie kimya, wala usitafute kujua kama na yeye hukulipia.

Mwenyezi Mungu akupe mikono ya kutoa isiyochoka, akujaalie wa kukupikia na wa kumpikia, akuepushe na mlango unaofungwa kwa sababu yako. Aikuze nyumba yako ijae vyombo vya watu. Sasa inuka, kuna unga kwenye debe na iliki iko juu ya friji. Mpigie Salha umwambie tunakuja Magomeni kesho, na mtu wa simu mwambie sahani haipo, imeenda kwa wenyewe.